Wanausifia Mwanya Wangu, Nami Najua Jino Linaniaga

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 41, naishi Tanga. Kazi yangu ni ushonaji. Nina cherehani moja ya kukanyaga, nimeiweka kwenye baraza la nyumba tuliyopanga, nashona sare za shule, magauni ya harusi na madera ya sikukuu. Nakuandikia usiku watoto wamelala, kwa sababu jambo hili nimeshindwa kulisema mbele ya mtu.

Miaka mitatu iliyopita meno yangu mawili ya mbele ya juu yalianza kuachana. Sikuzaliwa na mwanya. Picha ya harusi yangu ipo ukutani, meno yamebanana kama shanga. Mwanya ulikuja kidogo kidogo, na kila aliyeuona aliusifia. Wateja wakasema nimezidi kupendeza. Mume wangu si mtu wa maneno mengi, lakini naye akaanza kuniita "mwenye mwanya wangu", mpaka kwenye simu yake namba yangu kaiandika hivyo. Shangazi, nilifurahi. Mwanamke ukishavuka arobaini, nani tena anakupa urembo mpya?

Mwaka jana, siku moja jioni, nikauma hindi la kuchoma, nikahisi jino la kushoto limelala kama mlango uliolegea bawaba. Nikalirudisha kwa ulimi. Kutazama hindi, lina damu. Damu yenyewe si ngeni kwangu. Ni miaka mingi nikipiga mswaki inatoka, ndiyo maana upande ule niliacha kabisa kuupiga mswaki, nausugua kwa kidole na chumvi tu. Asubuhi mdomo una ladha kama nimenyonya shilingi. Harufu naijua. Mteja akija kupimwa mabega na shingo, nazungusha futi huku nimebana pumzi. Hata uzi sasa nakata kwa meno ya pembeni. Zamani nilikata kwa haya ya mbele, tangu nilipojifunza kazi.

Wiki mbili zilizopita nilijikaza nikaenda kwa daktari wa meno, binti mdogo tu, mpole. Aliingiza kijiti chembamba cha chuma kwenye fizi, anamtajia muuguzi namba: tatu, tatu, sita, saba. Nikapigwa picha. Akasema mfupa unaoshika meno yale mawili umeshuka zaidi ya nusu ya mzizi, na kwengine umeshuka kidogo. Akanipa njia mbili. Ama nisafishwe chini ya fizi kwa sindano za ganzi, ziara nne, kisha baada ya miezi mitatu anipime upya, ila yale mawili hawezi kuniahidi. Ama yang'olewe nipewe ya bandia. Alisema na mengine, lakini mimi nilikuwa nafikiria harufu iliyokuwa inamfikia usoni.

Mwezi ujao ni zamu yangu ya upatu. Fedha ile nilishaipangia kununua ovaloki, maana wateja wa sare wananikimbia kwa sababu pindo zangu hazijafungwa vizuri. Kusafishwa kutakula zaidi ya nusu yake. Mume wangu nilimwambia jino lina tundu. Akasema, "Jino bovu la nini? Ling'oe." Mama naye anasema nisipoteze fedha, ni ukoo wetu. Yeye hakufika miaka 45 akiwa na jino hata moja. Anasema kila mtoto aliondoka na jino lake, na bibi yangu alikuwa hivyohivyo. Mama sasa ni mgonjwa wa kisukari, mimi ndiye ninayempeleka kliniki kila mwezi, mguu wake una kidonda kisichotaka kufunga. Jirani naye ananitisha kwamba ukikwanguliwa ndipo yanapolegea yote.

Na juzi nimeona damu kwenye mswaki wa binti yangu wa miaka 16. Niliuosha haraka kabla hajarudi.

Silali vizuri. Naamka mara mbili tatu kwenda msalani, nakunywa maji kikombe kizima, nakaa kitandani nalitikisa jino kwa ulimi. Labda ni joto la huku kwetu, labda ni mawazo. Shangazi, niyang'oe niyasahau, au nitumie fedha ya ovaloki kwa meno ambayo hata daktari hayatolei ahadi? Na mume wangu nitamwambiaje kwamba mwanya anaousifia ni ugonjwa?

Mwenye Mwanya, Tanga

*

Marahaba, mwanangu. Pole, na asante kwa kunipa mzigo huu tuubebe pamoja.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya mwisho nikiwa na kalamu mkononi. Kabla sijaanza kujibu barua za wasomaji nilifanya kazi miaka mingi kwenye chumba cha meno, upande wa muuguzi. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika zile namba daktari anapozitaja. Kwa hiyo ulipoandika "tatu, tatu, sita, saba" nilijiona nimesimama kando ya kiti chako.

Nikikuelewa, meno yako mawili ya mbele yanahama kwa kuwa yanapoteza kinachoyashika. Umepewa njia moja yenye gharama na isiyo na ahadi, na nyingine ya haraka. Mama anasema ni ukoo, jirani anasema usafi ndio unaolegeza, mumeo anasema yang'olewe, na wewe unaogopa kwamba siku ukisema kweli, urembo aliokupa kwa mdomo wake atauchukua. Katika sauti zote hizo, yako mwenyewe siisikii vizuri. Sitakuchagulia njia, maana kinywa ni chako na fedha ni ya jasho lako. Ila ningependa uchague ukiwa unajua unachokichagua, na nadhani siku ile kwenye kiti aibu ilikuziba masikio.

Basi nikueleze kwa lugha ya kazi yako.

Wengi tunadhani jino limepigiliwa mfupani kama msumari kwenye ubao. Sivyo. Jino limening'inizwa. Kati ya mzizi na tundu lake mfupani kuna nafasi nyembamba sana, kiasi cha milimita 0.2, na nafasi hiyo imejaa nyuzi. Ni nyuzi nyingi mno, nyingi zimelala kwa mshazari, nyingine zimekatiza moja kwa moja, na kila uzi umeshonwa pande mbili. Ncha moja imezama kwenye ganda jembamba linalofunika mzizi, wataalamu huliita simenti. Ncha ya pili imezama kwenye mfupa wa taya. Hizo ncha zilizozama vitabu vinaziita kwa jina la William Sharpey, mwanaanatomia Mskoti wa karne ya 19. Wewe ungeuita mshono, na ungekuwa hujakosea.

Mshono huo ndio unaokuwezesha kutafuna. Ukiuma, jino linazama kidogo, nyuzi zinavutika, na mfupa unapokea mvuto badala ya kugongwa. Ndani yake mna mishipa ya damu inayoulisha, na mishipa ya fahamu yenye wepesi wa ajabu. Unapokula wali ukahisi chembe moja ya mchanga, au unywele mmoja kati ya meno, anayekuambia si jino, ni hizo nyuzi. Tena ni hai. Kila siku, za zamani zinaondolewa, mpya zinafumwa. Ndiyo maana mtoto akianguka jino lake la ukubwani likachomoka zima, likishikwa upande wa kutafunia bila kusuguliwa mzizi, likawekwa kwenye maziwa na kuwahishwa kwa daktari ndani ya dakika chache, linaweza kurudishwa likashika. Chembe za mshono bado zinapumua kwenye mzizi.

Ufizi wenyewe ni kola. Umeibana shingo ya jino ili uchafu usishuke kwenye mshono. Kati ya kola na jino pana mkunjo mdogo, na kinywa kikiwa kizima kijiti cha daktari kinaingia hapo milimita 1 hadi 3, basi. Zile "tatu" zako zilikuwa habari njema, sijui kama ulizisikia hivyo. "Sita" na "saba" maana yake mkunjo umekuwa mfuko. Kola imeachia, mshono umefumuka kuelekea ncha ya mzizi, na ndani ya mfuko huo mswaki haufiki.

Unafumukaje? Huanza na ukoga, ule utando laini wa kwenye meno unaouhisi kwa ulimi asubuhi. Ni vijidudu vilivyojenga makazi. Ukiachwa, madini ya mate yanaugandisha, unakuwa mgumu kama chokaa, na juu ya chokaa ile mwingine unakaa. Ufizi unavimba kupigana nao. Vita vikirefuka, mwili wenyewe unauyeyusha mfupa, kama watu wanaohama mtaa kila moto unaposogea. Kwa hiyo mfupa wako haukuoza, umerudi nyuma. Haya yote huenda bila maumivu, na hapo ndipo ubaya wake. Jino lenye tundu litakuliza usiku, lakini hili lako hunyamaza miaka kumi, siku moja likalala kwenye hindi.

Na sisi wenye ngozi nyeusi tuna jambo moja la kulijua. Fizi zetu nyingi zina weusi wa asili, ni rangi yetu tu, si ugonjwa. Lakini weusi huo unaficha wekundu wa uvimbe. Mtu anajitazama kwenye kioo, anaona ufizi ni uleule wa kila siku. Kwetu sisi damu ndiyo inayosema kabla ya rangi.

Nawe damu iliposema, uliacha kupiga mswaki upande ule. Sikulaumu, mwanangu, nimewaona mamia waliofanya hivyo. Mtu akiona damu anadhani amejijeruhi. Lakini ngozi ya ndani ya mfuko ilikuwa tayari na vidonda, mswaki uliigusa tu, na kuuacha kulikuwa kama kuacha kuosha kidonda kwa sababu kinatoa damu. Mswaki laini, taratibu, pale hasa ufizi unapokutana na jino, asubuhi na kabla ya kulala. Mswaki wa mti nao ni mzuri ukiutafuna ncha ikawa laini kama brashi. Chumvi ya kusugua iache, inakwaruza. Na kwa kuwa wewe ni fundi nakuomba usipitishe uzi wa cherehani kati ya meno, utakata ufizi. Kwenye mianya mikubwa kuna vijiswaki vidogo vya kupitisha katikati, muulize yule binti daktari.

Mwanya wako, basi. Meno ya mbele hukaa mahali pake kwa makubaliano. Ulimi unasukuma kutoka ndani, midomo inasukuma kutoka nje, meno ya chini yanagonga kutoka chini, na mshono unashikilia. Mshono ukipungua, misukumo ileile ya miaka yote inashinda, meno yanatanuka kama vidole. Mwanya wa kuzaliwa nao ni urembo, na mimi nausifia pamoja na mumeo. Mwanya unaokuja ukubwani ni jino linalosafiri. Waliousifia hawakukudanganya. Waliona umbo, hawakuona mfupa.

Jirani yako nimsemee kidogo, maana alichokiona ni cha kweli. Ukoga uliogandamana kwa miaka unaweza kuyashikanisha meno kama udongo unavyoshika nguzo iliyooza. Ukiondolewa, mtu anagundua ulegevu uliokuwepo tangu zamani. Tena uvimbe ukishuka ufizi unanywea, meno yanaonekana marefu, kati yake panatokea vitundu vyeusi, na maji ya baridi yanachoma kwa muda. Kama mtu aliyemwona hakuandaliwa kwa hayo, lazima aseme alikwenda mzima akarudi mgonjwa. Ukichagua kusafishwa, yategemee. Faida yake ni kwamba mfuko unaweza kufupika na kola ikabana tena, na jino lililotikisika huenda likatulia kiasi. Mfupa uliokwenda kwa kawaida haurudi. Kuna mashimo ya umbo fulani ambayo upasuaji unaweza kuyajaza kidogo, lakini hayo huamuliwa baada ya kupimwa upya. Na kazi haiishi na ziara nne. Atakuhitaji kila baada ya miezi mitatu au minne, mwaka hadi mwaka. Hiyo nayo ni fedha, iweke kwenye hesabu tangu sasa.

Kung'oa kuna utulivu wake. Jino linalotikisika kila unapozungumza linachosha roho, na mfuko mrefu unaweza siku moja kutunga usaha. Watu wengine hung'oa wakapumua. Lakini mfupa ule wa kushika jino upo kwa ajili ya jino. Jino likitoka unaanza kunywea, na ndani ya mwaka 1 upana wake unaweza kupungua karibu nusu, nyingi ya hiyo ikiwa miezi 3 ya mwanzo. Mtazame mama akiwa ametulia, uone kidevu na pua vilivyosogeleana. Ndicho kilichotokea. Meno ya bandia ya kuvaa na kuvua hushikilia kwenye majirani, na majirani zako nao mshono wao umeanza kufumuka kidogo. Kung'oa mawili hakuponyi hayo mengine, bado yatahitaji kusafishwa. Kwa hiyo sina hakika kwamba njia ya haraka ni ya bei nafuu kama inavyoonekana kutoka barazani kwako.

Halafu kuna maswali ambayo ungeweza kurudi nayo kwa daktari, maana mimi sikuiona picha yako. Je, anaweza kuanza na sehemu zilizo mbaya, mengine yakafuata fedha ikipatikana? Je, yale mawili yanaweza kufungwa na wenzao kwa nyuma, kwa waya mwembamba na gundi ya meno, utafune kwa amani mpaka kipimo cha miezi mitatu? Uamuzi wa kuyang'oa unaweza kusubiri kipimo hicho, au ameona kitu kinachokataza kusubiri? Kusubiri nako kuna hatari yake, mfupa haungoji upatu. Na muulize gharama hizohizo kwenye hospitali ya serikali.

Sasa mama. Anaposema ni ukoo, hajasema uongo. Zipo familia ambazo miili yao hupigana na ukoga kwa hasira zaidi, mfupa ukaondoka mapema. Lakini pale aliposema watoto walichukua meno yake, nadhani aliona jambo la kweli akalipa jina lisilo lake. Mimba inazifanya fizi zivimbe na kutoka damu kwa ukoga mdogo tu, kwa sababu ya homoni. Mtoto tumboni hachukui chokaa kwenye meno ya mama yake, jino likishaumbika halirudishi. Kama mfupa wake ulikuwa umeshapungua, kila mimba iliukuta pabaya, yeye akahesabu watoto na meno.

Kuna sentensi mbili katika barua yako nilizozipigia mstari, na hukuniuliza chochote juu yake. Mama ana kisukari. Nawe unaamka mara mbili tatu kwenda msalani, unakunywa maji kikombe kizima. Huenda ni joto la Tanga kweli, huenda ni mawazo. Lakini mwenye kisukari kisichodhibitiwa yuko kwenye hatari ya ugonjwa huu wa fizi karibu mara 3 ya mtu mwingine, na wawili hao huchocheana: sukari ikipanda fizi zinaharibika, na fizi zenye uvimbe nazo hufanya sukari iwe ngumu kushuka. Inawezekana ukoo mliorithishana ni sukari zaidi kuliko meno, au vyote pamoja, au si hata kimoja. Unampeleka mama kliniki kila mwezi, unakaa kwenye benchi lilelile. Tone moja la damu la kidoleni linaweza kukuambia jambo ambalo litabadilisha mazungumzo yote ya ovaloki na meno, maana kusafisha fizi huku sukari iko juu ni kushona kitambaa kinachoendelea kuraruka.

Kuhusu mumeo, nisamehe nikikugusa pabaya. Ulimwambia jino lina tundu, akasema ling'olewe. Amejibu swali ulilomuuliza. La mfupa na namba saba hajaulizwa bado, kwa hiyo hatujui atasema nini. Unayemwogopa ni mume uliyemtunga usiku ukiwa macho. Inawezekana atanuna kwa kufichwa miaka mitatu. Inawezekana akajiona mjinga kwa kuusifia ugonjwa. Inawezekana bado akasema yang'olewe, kwa sababu naye ana hofu na fedha. Lakini fikiria na hili. Unambania pumzi mteja anayekaa dakika tano. Mumeo analala kando yako. Harufu ile anaijua, mwanangu, ameijua muda wote, na ndiye huyohuyo aliyeandika jina lile kwenye simu.

Wengine huanza na mambo madogo. Ungeweza kumwomba akusindikize siku ya kurudi, daktari amwonyeshe picha, mstari wa mfupa mahali ulipotakiwa kuwa na mahali ulipo. Picha husema bila kulaumu. Au ungeanza na hilo la sukari, maana la mama analijua na halina aibu ndani yake. Wewe ndiye unayemjua anasikiliza saa ngapi.

Binti yako sina wasiwasi naye sana, ila usiufiche tena mswaki wake. Mwaka 1965 huko Aarhus, Denmark, Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kupiga mswaki. Ndani ya siku 10 hadi 21 fizi za wote zikavimba. Wakarudi kwenye mswaki, na kwa muda wa kama wiki 1 zikapona zote. Damu ya miaka 16, mara nyingi sana, iko kwenye hatua hiyo inayorudi nyuma kabisa, mshono haujaguswa. Aonwe na daktari kwa uhakika, halafu simameni naye pamoja mbele ya kioo jioni. Nadhani kwa mtoto huyu maneno "ni ukoo wetu" yanaweza kuwa na madhara kuliko ukoga wenyewe, na anayeweza kuyaacha yasimfikie ni wewe.

Ovaloki siidharau. Najua pindo isiyofungwa inavyofukuza mteja wa sare, na mwanamke mwenye mashine yake ana usemi nyumbani. Kama ukiamua ovaloki itangulie miezi mitatu, mswaki wa kupita kila upande usisubiri, na kipimo cha sukari kisisubiri. Kama ukiamua meno yatangulie, waambie wenzako wa upatu, huenda kuna mwenye zamu ya karibu atakayebadilishana nawe. Niandikie namba ya sukari uliyopewa kliniki na kama ulikuwa umekula.

Na uzi, usiukate tena kwa meno, ya mbele wala ya pembeni. Hayo ya pembeni yamebeba mzigo wa yaliyolegea. Najua mkono wa fundi una mazoea, mdomo unafika kabla ya kufikiri. Fundi mmoja aliyekuwa mgonjwa wetu alifunga mkasi mdogo kwa utepe mwekundu kwenye shingo ya cherehani, upande wa kulia, urefu wa kufika kwenye sindano tu.